Masika Niliyokatazwa Kunong'ona

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeziona nyuzi za sauti yangu kwa macho. Daktari wa koo alipitisha kamera nyembamba puani, ikashuka taratibu huku machozi yananitoka, na kwenye televisheni ya ukutani vikatokea vitepe viwili vyeupe vinavyofunguka na kufungana. Nimeimba kwa vitepe hivyo tangu utotoni na sikujua hata vina rangi gani. Nilikuwa na maswali chungu nzima, lakini mwenye kamera kooni haulizi kitu.

Katikati ya kila kitepe pana kinundu kidogo. Daktari alinionyesha kwa ncha ya kalamu, akauliza naimba wapi. Nikamwambia bendi ya harusi, na kwamba kinachonimaliza ni foleni ya zawadi. Alinielewa mara moja, naye ameshacheza kwenye foleni hizo. Makundi yanaingia ukumbini yakiserebuka, wafanyakazi wenzake bwana harusi, majirani, wajomba, kila kundi na boksi lake kichwani, na mwimbaji hashuki kwenye kiitikio mpaka kundi la mwisho lipite.

"Inachukua muda gani?"

"Inategemea ukoo, daktari."

Hakucheka. Amesema ninyamaze wiki mbili, kisha arudie kutazama. Nisipobadilika itabidi vinundu vikatwe, na baada ya kukata hawezi kuniahidi sauti gani itarudi.

Kwa bahati Ramadhani imeanza na Kwaresima inaanza keshokutwa. Hakuna atakayeoa, Mwislamu wala Mkristo, na bendi yetu imelala. Harusi ya kwanza baada ya Pasaka ni ya Godbless, tarehe kumi Mei. Godbless ni mtoto wa Mama mkubwa Elieshi, dada wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea. Nakaa kwake hapa Mchafukoge, na siku ambazo siimbi nauza vyombo dukani kwake Kariakoo. Foleni ya zawadi ya Godbless ni yangu, Mama mkubwa alishawatangazia ndugu wote kuanzia Moshi mpaka Buguruni.

Daftari hili nimelinunua njiani. Mtu aliyekatazwa kusema lazima apate pa kusemea.

Jumanne, 4 Machi

Daktari amekataza kuongea. Hakutaja kunong'ona. Basi leo nimenong'ona dukani kutwa nzima na koo limetulia vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua jambo. Ukimnong'oneza mtu, naye ananong'ona. Mama mmoja wa Magomeni aliingia akilalamika kwa sauti juu ya joto, nikamtajia bei ya chupa ya chai kwa kunong'ona, akashusha sauti ghafla, akatazama nyuma, akaniinamia sikioni.

"Hiyo bei ni yangu tu, au ya watu wote?"

Nikatabasamu, maana sikutaka kueleza habari za vinundu. Akachukua tatu. Kufika mchana wanawake wanakuja moja kwa moja kwangu, wanainama, wananong'ona, "Nimeambiwa kuna bei ya pembeni." Bei ni ileile iliyobandikwa ukutani. Mama mkubwa alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Eve mwanangu," akasema, "huu ugonjwa wako usiuharakishe kupona."

Jumatatu, 10 Machi

Mawingu, mvua hakuna. Chupa nyekundu zimekwisha zote.

Jumatatu, 17 Machi

Masika yameingia. Nilifika hospitali nimelowa mpaka magotini.

"Umenyamaza?" daktari akauliza.

"Ndiyo, daktari," nikanong'ona.

Akaweka kalamu mezani. "Na hivyo ndivyo ulivyokuwa unanyamaza?"

Aliponionyesha picha nilitamani kuingia chini ya meza. Vinundu viko palepale na kimoja kimevimba zaidi. Kunong'ona kwa nguvu namna ile, amesema, ni kulikaza koo na kulipitishia hewa kavu kutwa. Afadhali ningesema kwa sauti ya kawaida. Akaendelea kunisomea makosa yangu, na mengi nilidhani ni dawa. Kukohoa ili kusafisha koo kabla ya kuimba. Ile tangawizi kali yenye pilipili manga anayonichemshia Mama mkubwa. Kula chipsi mayai baada ya shoo na kujitupa kitandani, tindikali inapanda inachoma nyuzi nikiwa usingizini. Sasa ni maji, mvuke, na kimya cha kweli, hata kunong'ona marufuku. Baada ya wiki nianze kupuliza mrija ndani ya glasi ya maji huku nikitoa mlio mdogo. Nilitaka kuuliza mrija unafanya nini huko kooni. Nimeandika swali mkononi nikasahau kumwonyesha.

Nimejiona mjinga. Tumeuza vizuri kweli, na kumbe nilikuwa najichubua kwa kila chupa.

Jumatano, 19 Machi

Siku hizi Kariakoo watu wengi hawaiti wateja kwa mdomo. Unarekodi mara moja, unaweka kwenye spika juu ya mlango, inaita kutwa. Ya dukani kwetu nilirekodi mimi mwaka jana: "Njoo mama, njoo dada, chupa za chai, zinashika moto mpaka asubuhi!" Nimekaa chini yake kila siku na sijawahi kuisikiliza. Leo mvua ilifunga mtaa, wateja hakuna, mimi nimefunga mdomo, Mama mkubwa anapanga sufuria kimya, na aliyekuwa anaongea dukani ni mimi wa mwaka jana peke yake.

Nikamsikiliza huyo dada kama mgeni. Neno "njoo" analirukia kutoka chini bila sababu yoyote. Kabla ya "zinashika" anavuta pumzi fupi ya mtu aliyeshtuka. Na kwenye "asubuhi" sauti inapasuka, kidogo tu, pembeni. Ilipita mara nyingi sana na kila mara ilinikera palepale.

Halafu nikakumbuka kwamba siku ile nilirekodi asubuhi, nimelala vizuri, sina harusi wiki nzima. Kwa hiyo si foleni za zawadi peke yake zilizoniumiza. Hata nikiwa mzima, hata kwa chupa za chai, nilikuwa nakwea. Nimejiuliza jioni yote ni nani aliyenituma huko juu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Mama mkubwa amechemsha tangawizi, nikaikataa kwa mkono. Amenuna, ameinywa yeye.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ilikatika saa nne, Hussam akafungua. Hussam ni jirani yetu dukani, anauza mapazia pale alipouza babu yake aliyekuja kutoka Hadhramaut. Ana miaka kama yangu na mdomo wa haraka, ila mwezi huu saumu imempunguza. Alipowasha spika yake nilishika fremu ya mlango. Mwanamke wa sauti nzito, iliyotulia, alikuwa anasema, "Mapazia ya dirisha, mapazia ya mlango, karibu uchague." Nikachana kipande cha boksi nikaandika: NANI HUYO?

Hussam akacheka mpaka akaegemea vitambaa. "Dada Eve, si wewe mwenyewe huyo! Umesahau ulinirekodia? Sema sauti yako ya huku na ile ya kwenu zilikuwa zinagongana. Watu wanaulizia chupa za chai kwenye mapazia. Nikakushusha kwa simu kidogo."

Nikaandika: RUDIA.

Akarudia. Najua ni simu imeivuta, si koo la mtu. Lakini hakuna palipopasuka. Yule mwanamke alikuwa anasema neno na kulimaliza, kisha anasema lingine. Nilisimama pale kama mteja na nikatamani kujua kama huko chini kuna mtu kweli, au simu imemtunga.

"Mama yangu anasema hiyo ina heshima," Hussam akasema. "Ile ya pale kwenu inamwumiza kichwa." Kisha akaona haya. "Samahani dada yangu. Ni njaa hii."

Sikukasirika hata kidogo. Nilirudia kuisikiliza mpaka adhuhuri.

Alhamisi, 27 Machi

Mrija umeanza. Napuliza kwenye kikombe cha chupa ya chai, nyuma ya kaunta, mlio mdogo, maji yanabubujika. Mteja mmoja ameomba abadilishiwe chupa aliyoshika kwa sababu anasikia inachemka yenyewe.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Wameleta pilau kutoka kwa mama yake Hussam, sinia zima, pamoja na ujumbe wa mdomo kwamba nipone haraka. Nikasema, "Asante." Ni neno langu la kwanza baada ya wiki mbili na lilitoka chini, zima, halina mkwaruzo. Mama mkubwa aliinua uso kutoka kwenye nyama. Nikalisema tena ili nihakikishe.

Jumatano, 2 Aprili

Kinundu kimoja karibu kimeisha, kingine kimepungua nusu. Daktari alifurahi kwa namna yake, yaani alinisogezea kiti. Akauliza kama naimba na kwaya ya kanisa pia, na ni sauti gani.

"Ya kwanza."

"Nani alikupima?"

Sijawahi kupimwa. Siku ya kwanza ya kwaya ya watoto kule kwetu Moshi, mwalimu aliuliza mimi ni mtoto wa nani, nikataja, akaninyooshea benchi la sauti ya kwanza, ile ya juu. Bibi alikuwa sauti ya kwanza. Mama pia. Mama mkubwa mpaka leo anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika na hakuna anayethubutu kumhamisha. Katika ukoo wetu hicho ni kitu unachozaliwa nacho, pamoja na jina.

Daktari akanitaka nitoe mlio niushushe taratibu, kisha niupandishe. Akawa ameinamisha kichwa tu, anasikiliza. "Nyumba yako iko huku chini," akasema. "Huko juu unaweza kutembelea. Umekuwa unalala huko." Ameniambia nitafute nyimbo zinazokaa hapa na bendi inishushie. Nikamuuliza swali langu la mrija. Kumbe maji yanausukuma mgandamizo wa hewa urudi nyuma, nyuzi zinagusana kwa upole. Nimetoka nimechangamka, natamani kumweleza kila mtu barabarani.

Jumamosi, 5 Aprili

Ngazi za jengo letu zina mwangwi mzuri saa za mchana watu wakiwa kazini. Nimeanza kujaribu aina za muziki kama mtu anayejaribu viatu.

Singeli kwanza, maana vijana wanaitaka kwenye kila harusi. Nimeishiwa pumzi kabla ya ubeti kwisha. Inataka ulimi wa cherehani na inakutaka upige kelele juu ya ngoma, mimi hapana. Injili nazijua zote, ila nyingi zina ile sehemu ya mwisho ambapo lazima upande, upande tena, watu walie. Nilipanda mara moja, nikahisi ile hali ya zamani ya kukazwa shingo, nikaacha. Zamani hali hiyo niliiita upako.

Jumanne, 8 Aprili

Taarabu. Nilimwimbia Hussam ubeti mmoja baada ya kufunga duka.

"Sauti inafaa," akasema. "Ila dada, unaharakisha. Unaimba kama unataka kufunga ukawahi nyumbani. Huyo anayesutwa mpe nafasi aumie."

Nimejaribu mara nyingi, siwezi. Sina moyo wa kumsuta mtu polepole kiasi hicho.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeipata! Dansi, ule muziki wa zamani wa kumbi, wa magitaa. Ubeti unakaa chini, unasimulia kama unaongea na mtu wa kiti cha jirani, na mahali pa kelele wanaachiwa wapiga gitaa. Kila mstari una nafasi ya kumeza mate. Nimeimba ngazini mpaka mama wa ghorofa ya pili akafungua mlango, nikadhani anakuja kunifukuza. Akaweka kigoda, akaanza kuchambua mchele wake palepale. Shingo haikukaza hata mara moja. Nimefurahi jamani, nimefurahi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mazoezi ya kwanza, Magomeni. Kaka Onesphory ndiye kiongozi wa bendi na gitaa la solo. Alinichukua miaka tisa iliyopita na nimekuwa namwona kama kaka wa tumbo moja. Leo nilimwomba tushushe kii ya nyimbo zangu, yaani kile kimo ambacho wimbo unaanzia, na ile ya zawadi, "Pokea mwana, pokea", aishushe sana.

"Nishushe mpaka wapi?"

Nikamwonyesha. Kasmir, kijana wetu mpya wa kuimba, akatoa mluzi.

"Eve, hapo watu watasinzia," Onesphory akasema. "Pale juu ndipo unapowainua vitini. Wanakukodi kwa ajili ya pale."

"Pale ndipo ninapoumia."

"Kila mtu anaumia kazini. Mimi vidole hivi umeviona?"

Nilikasirika mpaka nikataka kupiga kelele, nikakumbuka nimekatazwa. Nikatoka nje kunywa maji. Aliponifuata alikuwa mpole. Akaniambia siku hizi watu wanakodi DJ na spika mbili, bendi inaonekana anasa. Tukiupoozesha ukumbi mara moja, simu haitalia tena, na watu wanane wanamtegemea. Sikuwahi kumfikiria Onesphory kama mtu mwenye hofu. Tulikubaliana nusu: saa ya chakula niimbe dansi langu chini kama nipendavyo, na "Pokea" ishuke kwa harusi ya Godbless, tuone.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kanisani sikwenda mbele na kwaya. Nilikaa kwenye benchi la kawaida, nikaimba sauti ya pili peke yangu, polepole, naitafuta. Mama mkubwa aliniona kutoka kule mbele. Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu.

"Unaumwa bado?"

"Hapana, Mama mkubwa. Nimepona. Ila mimi ni sauti ya pili."

"Kwetu hakuna sauti ya pili."

"Daktari amenipima."

"Daktari anamjua mama yako?" Alikuwa amesimama katikati ya sebule na kitenge chake cha kwaya. "Mama yako akianza, watu waliokuwa nje ya kanisa walikuwa wanaingia. Amekufa nikasema basi, nimekosa. Halafu wewe una miaka kumi na mbili, unaimba jikoni unaosha vyombo, nikamsikia. Nilikaa chini, Eve. Nilikaa chini jikoni nikalia. Sasa unaniambia umeshuka. Umemwacha wapi?"

Miaka yote hii nilidhani anaipenda sauti yangu kwa sababu anajivunia ukoo, maana ndivyo anavyoongea mbele za watu. Alipakua chakula bila kuniita mezani. Nimekula baadaye, wali umepoa, na nimelia kidogo, kwa ajili yake zaidi kuliko yangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Maji yameingia stoo. Tumebeba maboksi kutwa, Mama mkubwa upande huu, mimi ule.

Jumamosi, 3 Mei

Mazoezi. "Pokea" kwenye kii ya chini inakaa vizuri. Onesphory anapiga bila kunitazama. Kasmir anaiimba ile ya juu pembeni kwa utani na anaifikia bila shida yoyote. Nilimchunguza shingo, haina mshipa uliosimama. Kumbe kuna watu wanaoishi kule kweli.

Jumapili, 11 Mei

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Saa ya chakula ilikwenda vizuri. Nilikaa kwenye kiti kirefu, dansi, sauti chini, watu wanakula. Wengine hawakuniona kabisa, na nilijisikia vibaya kwa hilo kuliko nilivyotegemea. Nimezoea ukumbi wote unitazame. Ila mzee mmoja wa meza ya wakwe aliacha kijiko ndani ya supu wimbo mzima. Ikaingia ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ikakatwa, watu wakalishana. Kisha MC akatangaza zawadi, na wajomba wa Godbless wakajipanga mlangoni na friji lenye utepe.

Gitaa likaanza. Noti ya pili tu nikajua. Ilikuwa kii ya zamani, ya juu.

Nikamgeukia Onesphory. Alikuwa anaangalia vidole vyake. Utangulizi ukazunguka ukarudi mahali pangu pa kuingilia, nikaupitisha. Ukazunguka tena. MC akanikazia macho. Mama mkubwa alikuwa kwenye kiti cha mama mzazi, mbele kabisa, kilemba cha dhahabu, ameinamia mbele kidogo na mikono imeshikana. Alikuwa anamsubiri mama yangu, niliona kabisa.

Kilicho kibaya ni kwamba ningeweza. Nilikuwa nimepumzika, nimejifukiza, vinundu vimepungua. Ningepanda vizuri kabisa mpaka kwa majirani, pengine mpaka kwa wafanyakazi wenzake Godbless. Huo ukoo niliuona ulivyojipanga kutoka mlangoni mpaka kwenye maegesho. Na Jumatatu ningekuwa kule kwa daktari, anachukua kalamu.

Nikaingia chini. Sikuimba wimbo wenyewe. Niliimba sauti ya pili ya "Pokea", ile inayokaa chini ya wimbo, nikiacha juu patupu. Sauti ya pili ikiwa peke yake ni kitu cha ajabu, asiyejua anadhani umepotea. Wajomba wakasimama na friji lao. Kasmir akanong'ona, "Dada, vipi?" Mimi nikaendelea, mstari wa kwanza, wa pili, koo limelegea.

Kwenye meza ya shangazi na mama wadogo waliotoka Moshi, mtu mmoja hakuvumilia. Nadhani alitaka kunisaidia, au kunikosoa. Akaitia sauti ya kwanza mahali pake, kwa nguvu, kama mtu anayesawazisha pazia lililokaa upande. Wa pili akamfuata. Kisha meza nzima, kisha ya nyuma yake. Si nimeandika kwamba ukoo wetu wote ni sauti ya kwanza? Wanawake wale walikuwa wamekaa na nyimbo kooni tangu ibada ya mchana. Ukumbi ukaimba wenyewe, na mimi chini yao nimewabeba. Friji likaingia likicheza.

Mama mkubwa alikaa amefunga mdomo makundi matatu. Nilikuwa namtazama yeye tu. Walipoingia wanakwaya wenzake wa usharika, wakafika mbele yake na masufuria yamefungwa karatasi, mmoja akamvuta mkono. Alisimama. Akafungua mdomo akaimba, juu ya wote, sauti imezeeka pembeni lakini imenyooka, na macho hayakuniacha. Sijui ilikuwa hasira au nini. Nilijua kitu kimoja, kwamba maisha yangu yote nimekuwa naimba mahali alipo yeye, kwa hiyo sikuwahi kuisikia sauti yake vizuri. Ni nzuri. Niliimba chini yake mpaka machozi yakaninyima maneno, nikatumia "mm".

Baadaye Onesphory alikuja akifungasha nyaya.

"Mama yako mkubwa alinifuata kabla ya zawadi," akasema. "Akaniambia anza palepale pa zamani, mwanangu atapanda tu. Mimi ni nani nimkatalie mama mwenye harusi? Ila nilitakiwa nikwambie. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Umeona lakini?"

"Nimeona. Imekubali leo kwa sababu ni ndugu zako, wanaujua wimbo na wanakupenda. Jumamosi ijayo tuna watu wa Buguruni hawakujui. Hawatakuimbia, Eve."

Ni kweli, na ningependa isiwe kweli. Kuanzia sasa foleni ya zawadi ni ya Kasmir. Yangu ni saa ya chakula na dansi. Nimeikubali, nikaenda chooni, nikajitazama kwenye kioo na kilemba kimelegea, nikajiuliza kama nimepona au nimestaafu. Nimemwambia Kasmir habari za maji, mvuke na chipsi mayai. Alidhani namwonea wivu. Nao ulikuwepo.

Jumatatu, 12 Mei

Jana kutwa Mama mkubwa hakusema nami zaidi ya salamu. Leo tumefungua duka pamoja. Mvua ilikuwa imekatika, mtaa una matope, jua limetoka kali. Alipanda kigoda kuwasha spika, mkono ukabaki hewani, akashuka bila kuiwasha. Akakaa kwenye kiti chake.

"Onesphory amekwambia."

"Ameniambia."

"Nilitaka siku moja tu," akasema. "Siku ya Godi. Nilisema mara moja haitakuua." Akafuta kaunta palipokuwa safi. "Ungepanda ungeumia?"

"Ndiyo, Mama mkubwa."

"Sikuamini. Nilidhani ni mambo ya madaktari." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikosea, mwanangu. Mama yako ameshakufa. Nilikuwa nataka kukuharibu wewe ili nimsikie yeye."

Nilitaka kumwambia si neno, lakini lilikuwa neno, nikamshika tu bega. Tukakaa. Hussam kule kwake alikuwa anakung'uta mapazia.

"Sasa," Mama mkubwa akasema, "juzi nilikuwa naimba mwenyewe. Sikukusikia. Hebu imba nikusikie."

"Hapa dukani?"

"Kwani wapi?"

Nikaimba ule wimbo wa dansi wa ngazini, nimesimama kati ya sufuria na mabeseni, chini, polepole, kama naongea naye. Alikuwa ameinamisha kichwa anatafuta, nikaogopa kwamba anamtafuta mama, na kwamba hatampata. Baada ya ubeti wa kwanza aliacha kutafuta. Akaninyanyulia uso akanitazama mimi.

Mwanaume mmoja akaingia na mfuko, mteja wa jumla kutoka mkoani, akauliza kwa haraka chupa za chai katoni ngapi zipo. Mama mkubwa ana miaka thelathini katika mtaa huu na sijawahi kumwona akimsubirisha mteja, hata siku ya msiba wa mama yangu. Hakugeuka. Alinyoosha kiganja kumzuia yule mtu pale mlangoni.

"Subiri kwanza," akamwambia. "Mwanangu anaimba."